Umbali wa unywele: damu hufanya kazi wapi hasa

Oksijeni ikiachwa isambae yenyewe ndani ya maji, bila kusukumwa na chochote, hupita unene wa seli moja kwa muda mfupi kuliko kufumba na kufumbua. Milimita moja huichukua kama dakika nne. Sentimita moja, saa saba hivi. Mita moja, ambayo haitoshi hata kutoka kifuani hadi kidole cha mguu cha mtu mzima, ingeichukua karibu miaka minane.

Molekuli ya oksijeni haijui inakokwenda. Hugongana na molekuli za maji bila kukoma, ikienda huku na kurudi kule, ndipo umbali ukiongezeka mara kumi muda unaongezeka mara mia. Mwendo huo ndio difyusheni. Shuleni tunaifundisha katika sura moja, kisha mzunguko wa damu unakuja sura nyingi baadaye, na ni nadra mwanafunzi kuambiwa kwamba sura ya pili ipo kwa sababu ya ya kwanza. Nimeona vijana wengi wakichora moyo vizuri sana, vyumba vinne na mishale ya buluu na nyekundu, wakaulizwa moyo huo unatatua tatizo gani na wakakosa la kusema. Tatizo ni hilo la umbali. Ukilishika, mambo mengi ya miili ya wanyama yanayoonekana kuwa ya kukariri tu yanaanza kujieleza yenyewe.

Wapo wanyama wasiohitaji moyo kabisa. Tegu anaweza kufikisha urefu wa mita kadhaa ndani ya utumbo wa mtu, naye hana moyo, hana damu, hana hata tumbo. Mwili wake ni bapa mno, kiasi kwamba hakuna seli yake iliyo mbali na ngozi, na chakula ambacho utumbo wetu umekwisha kukisaga humpenyea moja kwa moja. Mnyoo wa kichocho ni wa jamii hiyohiyo ya minyoo bapa. Urefu wake ni kama sentimita moja, lakini unene wake ni mdogo sana, na hivyo hana mfumo wa damu wa kwake, ingawa maisha yake yote ya utu uzima huyamaliza ndani ya mishipa ya damu ya binadamu. Nitamrudia huyu mbele, maana wavuvi wa Ziwa Albert wanamjua kwa gharama kubwa.

Mnyama akiwa mnene zaidi ya hapo, njia ya difyusheni peke yake inafungwa. Lazima kitu fulani kisukumwe mwilini, na wanyama wamelijibu hitaji hilo kwa namna zinazotofautiana sana.

Chukua senene, wale panzi wanaoliwa kwetu Uganda. Mwezi wa Novemba wanapomiminika Masaka na Kampala, watu huketi na mabeseni wakinyonyoa mbawa na miguu. Vidole hulowa majimaji, lakini hakuna anayetoka pale na damu nyekundu mikononi. Mtazame mmoja kwa karibu kabla hajaingia kikaangoni. Ubavuni mwa tumbo lake, pingili kwa pingili, kuna vitundu vidogo sana, pande zote mbili. Hapo ndipo anapopumulia. Ndani ya kila kitundu huanza mrija wa hewa ambao hugawanyika, ukagawanyika tena, mpaka matawi yake ya mwisho yanagusa seli zenyewe. Oksijeni hufika kule ikiwa bado ni hewa, na ndani ya hewa difyusheni huwa na kasi mara elfu kumi hivi kuliko ndani ya maji.

Mgongoni mwa senene huyo, chini tu ya ganda, umelala mrija mrefu unaodunda. Huo ndio moyo wake. Husukuma majimaji kuelekea kichwani, yanamwagika wazi ndani ya mwili, yanaviosha viungo, kisha yanarudi moyoni kupitia matundu yenye vali, yaani vilango vya upande mmoja. Hakuna kapilari, vile vijishipa vyembamba kuliko vyote, wala vena, mishipa inayorudisha damu moyoni. Mfumo wa namna hii huitwa mfumo wazi. Majimaji hayo hubeba sukari na mafuta kutoka tumboni, homoni, taka na chembe za kinga. Oksijeni si mzigo wake, kwa hiyo hayana haja ya kuwa mekundu. Anayedhani kwamba wadudu wana moyo duni kwa kuwa ni viumbe duni amekosea: wameigawa kazi, hewa ikapewa njia yake na chakula njia yake, na misuli ya mdudu anayeruka ni miongoni mwa misuli inayotumia oksijeni kwa kasi kubwa kuliko yote katika wanyama. Wanacholipia ni ukubwa wa mwili, kwa kuwa mirija ya hewa hupoteza faida yake inapokuwa mirefu sana.

Kanuni hiyo ina wavunjaji wake. Wakazi wa Entebbe na visiwa vya Ssese wanavijua vijidudu vinavyopaa kwa makundi makubwa kutoka ziwani. Baadhi yake, vikiwa bado viluwiluwi, huishi ndani ya tope lisilo na oksijeni ya kutosha, na viluwiluwi hao ni wekundu kwa himoglobini, ile protini yenye chuma inayoshika oksijeni katika damu yetu. Konokono nao wana mambo yao. Konokono mkubwa wa bustanini hutumia shaba mahali ambapo sisi tunatumia chuma, na damu yake huwa na ubuluu hafifu ikishika oksijeni, lakini yule konokono mdogo wa majini anayeeneza kichocho ana himoglobini nyekundu. Rangi ya damu hufuata kazi ambayo damu imepewa.

Namna ya pili ni kuifungia damu ndani ya mishipa mwanzo hadi mwisho. Nyungunyungu anayo hiyo, na wanyama wote wenye uti wa mgongo wanayo. Faida yake ni kwamba damu iliyofungiwa inaweza kusukumwa kwa presha, ikaelekezwa panapohitajika, ikanyimwa pasipohitajika.

Samaki hutumia moyo wa vyumba viwili. Sangara wa Ziwa Viktoria husukuma damu kutoka moyoni hadi kwenye matamvua, na ikitoka matamvuani inakwenda moja kwa moja mwilini bila kupita tena moyoni. Ndani ya matamvua, damu na maji huelekea pande zinazopingana, hivyo kila mahali damu hukutana na maji yenye oksijeni zaidi kidogo kuliko yenyewe, na samaki anaweza kunyakua hadi asilimia 80 ya oksijeni iliyomo. Ni mpango mzuri ajabu. Kasoro yake ni kwamba damu ikiisha kujipenyeza katika vijishipa vyembamba vya matamvua, presha imekwisha kushuka, na mwili unaachiwa mtiririko dhaifu.

Hapo ndipo samaki mmoja wa maziwa yetu anastahili heshima zaidi ya ile anayopewa sokoni. Kamongo, ambaye Waganda humwita mmamba na ambaye ni mwiko wa mojawapo ya koo kubwa kabisa za Buganda, ana mapafu. Hana budi kupanda juu kuvuta hewa, na kamongo mzima akizuiwa asifike juu hufa maji. Damu inayotoka kwenye mapafu yake hurudi moyoni kwanza kabla ya kupelekwa mwilini, na moyo wenyewe umeanza kugawanywa na ukuta usiokamilika, ili damu iliyopata oksijeni isichanganyike sana na isiyopata. Anayetaka kuelewa moyo wa binadamu ulikopitia, na aanze na kamongo wa Ziwa Kyoga.

Chura ana vyumba vitatu na ngozi inayosaidia kupumua. Mamba wa hifadhi ya Murchison Falls ana vinne, lakini ateri mbili, yaani mishipa inayotoa damu moyoni mwake, zimeunganishwa na tundu, naye anaweza kuyakwepesha mapafu damu akiwa chini ya maji, wakati mapafu hayana hewa mpya ya kutoa. Ndege na mamalia wamezitenga kabisa pande mbili za moyo.

Kama hujawahi kuuona moyo huo wa vyumba vinne ila kwenye picha, nenda buchani ukanunue moyo wa ng'ombe, umwombe mwenye bucha asiukatekate. Kwanza uangalie kwa nje. Chini ya mafuta utaona mishipa inayotambaa juu ya nyama, ikitoa matawi yanayozama ndani. Kisha upasue kwa kisu kirefu kutoka ncha ya chini kwenda juu, upande baada ya upande. Ukuta wa chumba cha chini cha kushoto ni mnene, unene wake ni mara kadhaa ya ule wa kulia. Chumba cha kulia hupeleka damu mapafuni tu, hatua chache kutoka pale, kwa presha ndogo. Cha kushoto hupeleka mwili mzima, kuanzia pembeni ya pembe hadi kwato. Kwa binadamu presha ya upande wa mapafu hupanda hadi milimita 25 hivi za zebaki, kipimo cha presha, kwa kila pigo, na upande wa mwili hadi 120. Ndege na mamalia walipotenga pande hizi waliweza kuyapa mapafu presha ya chini, isije ikayajaza maji, na wakati huohuo kuupa mwili presha ya juu. Samaki hawezi kufanya yote mawili.

Endelea kutazama. Kati ya vyumba vya juu na vya chini kuna vali nyembamba ngumu, zimefungwa kwa nyuzi nyeupe hadi kwenye vichuguu vya nyama. Vuta uzi mmoja uone ulivyo imara. Nyuzi hizo huzizuia vali zisipinduke upande wa pili damu inapobanwa. Karibu na shina la ateri kuu, kwa ng'ombe mkubwa, kisu kinaweza kugonga kijifupa: ng'ombe wana mfupa ndani ya moyo. Na ukuta unaotenga kushoto na kulia, upapase wote, hutapata tundu.

Ukuta huo uliwashughulisha wanazuoni kwa karne nyingi. Galen, tabibu wa zama za Warumi, alifundisha kwamba ini hutengeneza damu kutokana na chakula, viungo huimaliza, na kiasi fulani hupenya katikati ya moyo kupitia vitundu visivyoonekana. Watu waliyafuata mafundisho hayo kwa zaidi ya miaka elfu moja. Ibn al-Nafis, aliyekuwa tabibu mjini Cairo, kwenye ukingo wa Nile hii hii inayoanzia kwetu Jinja, aliandika mwaka 1242 kwamba ukuta ule hauna tundu lolote, na kwamba damu hutoka kulia kwenda kushoto kwa kupitia mapafu. Mwaka 1628 William Harvey wa Uingereza akaongeza hoja ya hesabu. Chukua tarakimu za leo: moyo wa mtu aliyetulia hutoa kama mililita 70 kwa pigo, mapigo kama 70 kwa dakika, yaani lita 5 kwa dakika na lita 300 kwa saa. Hakuna mtu anayekula chakula cha kutengeneza lita 300 za damu kila saa. Damu ileile lazima inarudi. Njia inayorudia Harvey hakuiona. Marcello Malpighi ndiye aliyeiona kwa hadubini mwaka 1661, ndani ya mapafu ya chura: kapilari.

Rudi kwenye ile mishipa iliyotambaa juu ya moyo wa ng'ombe, kwa sababu ndiyo inayonifurahisha kuliko yote. Moyo umejaa damu ndani yake saa zote. Kwa nini basi uhitaji mishipa ya kuulisha kutoka nje? Kwa sababu ukuta wake ni mnene kuliko umbali ambao oksijeni inaweza kusafiri yenyewe kwa wakati. Damu inayopita chumbani iko mbali mno na seli za katikati ya nyama. Samaki na vyura wengi wana nyama ya moyo yenye matundumatundu, damu ikapenya humo na kuilisha moja kwa moja. Moyo wa mamalia ni mgumu na mzito, kwa hiyo unategemea ateri zake. Mtu mwenye moyo uliojaa damu hufa kwa kukosa damu moyoni pindi ateri hizo zinapoziba. Ukielewa hilo umeelewa umbali.

Umbali wa kwenda juu nao una bei yake. Damu ikipandishwa sentimita 10, hupoteza karibu milimita 8 za zebaki za presha. Twiga wa Murchison na Kidepo ana kichwa kilicho mita mbili hivi juu ya moyo, kwa hiyo kuinua damu tu kufika pale kunakula zaidi ya 150. Moyo wake basi husukuma kwa presha ya wastani ya kama 200, mara mbili ya yetu, na ukuta wa kushoto umekuwa mnene sana kwa kazi hiyo. Miguuni mambo hugeuka, maana uzito wa safu nzima ya damu unabonyeza chini. Ngozi ya miguu ya twiga ni nene na inabana, ndiyo inayozuia maji ya damu yasivuje na kuivimbisha. Twiga waliovushwa Nile mwaka 2016 kupelekwa upande wa kusini wa hifadhi ya Murchison hawakuweza kushughulikiwa kama nyati. Twiga aliyelazwa kwa dawa ya usingizi yuko hatarini, na kawaida ya madaktari wa wanyamapori ni kuiondoa nguvu ya dawa mara tu anapoanguka, kisha kumdhibiti kwa kamba.

Kusukuma maji matupu, hata kwa moyo wa twiga, kusingetosha. Lita moja ya plazma, yaani damu bila seli zake, inaweza kuyeyusha kama mililita 3 tu za oksijeni. Mtu aliyeketi anahitaji 250 kwa dakika. Angelazimika kuzungusha zaidi ya lita 80 za plazma kila dakika ili tu aendelee kuketi. Kinachotuokoa ni himoglobini, ambayo huipandisha ile 3 hadi kufikia kama 200 kwa kila lita ya damu. Kila molekuli yake ina atomu nne za chuma, na kila atomu hushika oksijeni moja. Mama mjamzito anapopewa vidonge vya madini ya chuma kliniki, anapewa vishikizo hivyo, kwa ajili yake na wa tumboni.

Kushika si kazi ngumu sana. Kazi ngumu ni kuachia mahali panapofaa. Himoglobini hulegeza mkono wake inapofika penye joto, asidi na hewa ya ukaa nyingi, na hizo ndizo dalili za msuli unaofanya kazi. Mwanasayansi wa Denmark, Christian Bohr, na wenzake walilieleza hili mwaka 1904. Joshua Cheptegei wa Kapchorwa alipokimbia mita 5,000 kwa dakika 12 na sekunde 35.36 kule Monaco mwaka 2020, misuli ya miguu yake ilikuwa na joto na asidi kuliko sehemu nyingine yoyote ya mwili wake, na kwa hali hiyohiyo ilikuwa inajivutia oksijeni. Katika mbio za namna hiyo zaidi ya asilimia 80 ya damu inayotoka moyoni huelekezwa kwenye misuli, wakati mtu akiketi hupata kama 20. Na kukulia kwenye miteremko ya Mlima Elgon, ambako hewa ni nyepesi, hufanya figo zitoe homoni inayoamuru uboho uzalishe seli nyekundu zaidi.

Hewa ya ukaa hurudi kwa njia nyingine. Sehemu kubwa yake, karibu asilimia 70, hugeuzwa kuwa bikaboneti ndani ya seli nyekundu na kusafiri ikiwa imeyeyuka katika plazma, kisha hugeuzwa tena kuwa gesi ikifika mapafuni. Ndiyo hiyo tunayoitoa tunapopumua.

Sasa tumefika mahali pa kazi yenyewe. Mto Nile hutoka Jinja kwa kishindo, ukifika Kyoga unatanda kati ya mafunjo hadi huoni tena kama maji yanakwenda. Maji ni yaleyale. Kilichoongezeka ni upana. Damu hutoka katika ateri kuu kwa kasi ya kama sentimita 30 kwa sekunde. Inapogawanyika kuingia katika mabilioni ya kapilari, jumla ya upana wa vijishipa hivyo ni kubwa sana kuliko ule wa ateri, na kasi hushuka chini ya milimita moja kwa sekunde. Seli nyekundu ina upana wa maikromita 8 hivi (maikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), na kapilari nyingi hazizidi hapo, kwa hiyo seli hupita moja moja, zikijikunja, zikigusa kuta. Safari ya kila seli ndani ya kapilari ni ya sekunde moja hivi. Na oksijeni, kuvuka maikromita 50 hadi kwenye seli ya jirani, inahitaji chini ya sekunde moja. Hesabu mbili zinakutana hapo. Karibu kila seli hai ya mwili wako iko ndani ya unene wa unywele mmoja kutoka kwenye kapilari.

Kwa hiyo damu haiingii ndani ya seli kuipa chakula, kama watu wengi wanavyowaza. Damu husogeza mzigo hadi umbali ambao difyusheni inaumudu, na difyusheni humalizia. Hata mnyama mkubwa kama ndovu hana njia nyingine ya hatua hiyo ya mwisho. Kapilari zake ni nyembamba karibu kama za panya. Ana nyingi zaidi tu.

Matoke uliyokula mchana hupita njia hiyohiyo. Sukari yake huingia katika kapilari za utumbo, lakini damu hiyo hairudi moyoni moja kwa moja. Hukusanywa na vena moja kubwa inayoipeleka kwenye ini, nalo huweka akiba, huondoa sumu, hugeuza mabaki ya protini kuwa yurea itakayochujwa na figo. Mafuta hushika njia nyingine, ya mishipa ya limfu, inayokusanya majimaji yaliyovuja kutoka kwenye damu, na kuingia katika damu karibu na shingo.

Mnyoo wa kichocho anaijua ramani hii kuliko wengi wetu. Kiluwiluwi chake hupenya ngozi ya mtu aliyesimama ziwani, huingia katika vena, hufika upande wa kulia wa moyo, hupita mapafuni, hurudi upande wa kushoto, husukumwa na ateri, na mwishowe hukomaa kwenye mishipa ya ini kisha kuhamia kwenye vena za utumbo. Huko jike hutaga mamia ya mayai kila siku. Mayai yanayofanikiwa hutoka na choo. Mengine hubebwa na damu kwenda ini, ambako vijishipa ni vyembamba, yakakwama, na ini likajenga makovu kuyazunguka. Damu ya utumbo inakosa pa kupita. Inatafuta njia za pembeni, hasa vena za chini ya umio, nazo hujaa, huvimba na siku moja hupasuka. Mtu anayetapika damu ghafla pembezoni mwa Ziwa Albert mara nyingi ameanza ugonjwa wake miaka mingi nyuma, akiwa mtoto anayeoga. Dawa ya prazikwanteli huwaua minyoo kabla hayo hayajatokea, ndiyo maana inauma kuona mtu mzima akidharau kumeza vidonge vinapogawiwa kijijini.

Kapilari huvuja pia, na kuvuja huko ni kwa lazima, maana maji yanayotoka hubeba lishe hadi kwenye seli. Mengi hurudi. Kama lita 3 kwa siku hubaki nje, na hizo ni karibu sawa na plazma yote tuliyo nayo. Mishipa ya limfu huzikusanya na kuzirudisha. Ikiharibika, mguu hujaa na kuvimba. Wilayani Kamwenge, uchunguzi wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba uvimbe wa miguu uliokuwa ukiwasumbua watu huko haukutokana na minyoo ya matende. Ulitokana na kutembea peku kwa miaka mingi juu ya udongo mwekundu wa volkano, ambao chembe zake hupenya ngozi na kuiharibu mishipa ya limfu. Viatu na maji ya kunawia miguu vinaukinga.

Nimeacha selimundu, ugonjwa wa kurithi wa seli nyekundu za damu, iwe ya mwisho, kwa sababu ndani yake yamo karibu yote niliyoyaeleza. Badiliko dogo katika himoglobini, asidi amino moja tu kwa nyingine, hufanya molekuli hizo zishikamane kuwa nyuzi ngumu. Zinashikamana lini? Zinapokuwa zimekwisha kuachia oksijeni. Yaani seli hukakamaa na kujipinda mlemle kwenye kapilari na katika vena ndogo zinazofuata, mahali penye njia nyembamba kuliko zote, ikiwa imekwisha kufanya kazi yake na inarudi. Njia ikiziba, seli za mwili zilizo ng'ambo yake hubaki mbali na oksijeni kwa umbali ambao difyusheni haiumudu. Hayo ndiyo maumivu ya mifupa yanayomfanya mtoto alie usiku kucha. Baridi huyazidisha kwa kuibana mishipa, na kukosa maji huyazidisha kwa kuifanya damu kuwa nzito. Tena seli hizo hufa mapema: seli ya kawaida huishi kama siku 120, hizi ni 10 hadi 20, na uboho hauwezi kufidia.

Kwetu Uganda jambo hili ni kubwa. Sampuli karibu laki moja za damu ya watoto wachanga na wadogo zilizopimwa nchini kote mwaka 2014 na 2015 zilionyesha kuwa asilimia 13.3 wana kinasaba kimoja cha selimundu na asilimia 0.7 wana ugonjwa wenyewe. Bundibugyo, miongoni mwa Waamba, watafiti Lehmann na Raper waliripoti mwaka 1949 kwamba karibu watu 45 katika kila 100 walikuwa na kinasaba hicho. Kimeenea hivyo kwa sababu mwenye kimoja tu hukingwa dhidi ya malaria kali, na kimelea cha malaria nacho huishi ndani ya seli nyekundu na huziba kapilari, zikiwemo za ubongo. Si laana ya ukoo wala uzembe wa mama.

Mtoto mwenye selimundu huzaliwa akionekana mzima. Miezi ya mwanzo bado anatumia himoglobini aliyokuwa nayo tumboni, ambayo haishikamani, na dalili huanza inapopungua, mara nyingi baada ya nusu mwaka. Tone la damu la kisiginoni linaweza kuugundua ugonjwa kabla ya hapo. Mzazi akijua mapema, mtoto hupewa dawa ya kumkinga na maambukizi na malaria, na akikua kidogo, haidroksiyurea, dawa inayouamsha mwili uendelee kutengeneza ile himoglobini ya tumboni, ili seli nyingi zaidi zipite kwenye kapilari na kurudi mapafuni bila kukwama.